Kalamu yako haijaharibika, imejazwa wino wa muhuri

Wiki hii mteja ametuandikia kwa ukali: kalamu aliyoinunua kwetu kwa mamilioni haiandiki, tumemuuzia feki, na bado tunamdai hela ya kuisafisha. Likiingia toleo jipya la kalamu maalumu, zinazotolewa chache kwa namba, malalamiko ya namna hii huongezeka, basi tuyajibu mapema.

Si feki. Tulipoifungua mezani, mfereji wa wino, kile kipande cheusi chenye vijimeno chini ya nibu, ulikuwa umejaa utelezi wa zambarau. Wino wa muhuri! Ule hutiwa gliserini makusudi ili pedi isikauke; ukiingia kwenye vijinjia vyembamba vya kalamu, hautiririki wala haukauki. Chupa ya wino tuliyompa mteja iliisha, karani wake akajaza kilichokuwa mezani. Wino mweusi wa wachoraji ndio balaa zaidi, maana una shelaki, ile gundi ya vanishi, ukigandia ndani hautoki kwa maji.

Wengi hudhani toleo maalumu lina mitambo ya pekee. Montblanc, watengenezaji wa kalamu wa Ujerumani, walipotoa kalamu ya Lorenzo de Medici mwaka 1992, walitengeneza 4810 tu, kwa kufuata urefu wa mlima Mont Blanc kwa mita. Thamani yake iko kwenye nakshi ya fedha na uchache huo. Ndani ni pistoni ya kuvuta wino, mfereji na nibu ya dhahabu, na vyote huziba vilevile.

Tofauti ni kwamba kalamu ya kawaida ikipasuka mwili, tunaagiza mwingine. Yenye namba haina spea ya mwili. Ndiyo maana tunailoweka kwa maji ya baridi usiku kucha, spiriti haiguswi kwa sababu huipasua resini, plastiki ya mwili wa kalamu, kisha fundi anakagua nibu kwa lenzi. Hiyo ndiyo bei mnayoiita wizi.

Mzee mmoja, mkusanyaji wa siku nyingi, aliiangusha yake nibu ikapinda. Akaona tunamlangua, akaenda kwa sonara. "Dhahabu ni dhahabu, wanangu," alituambia baadaye. Sonara akaipitisha motoni. Sasa nibu ya 750, yaani yenye dhahabu sehemu 750 kati ya 1000, hupata mnyumbuko wake kwa kufuliwa ikiwa baridi. Ikishapata moto inalegea, ukiikandamiza kidogo inabaki imepinda. Na ile chembe ya metali ngumu nchani, inayogusa karatasi, ikadondoka. Alilipia nibu mpya kwa bei inayozidi mara kadhaa ile aliyoikwepa, na wakusanyaji wenzake hawaitaki tena kalamu isiyo na nibu yake ya asili. Ya mama aliyesugua kifuniko cha fedha kwa majivu mpaka namba ikafifia, tuyaache.

Toleo jipya liko dukani. Chupa ya wino tunakupa pamoja nayo, na ukiendelea na wino huohuo, usafi wa kwanza ni bure. Ikigoma, usiitikise wala usiichokonoe nibu kwa wembe. Funga kifuniko, ilete kama ilivyo, na utuambie ukweli uliijaza nini.