Kwa wazazi na wenye ploti wa mtaa wa Umoja, Nairobi: tuongee kuhusu hawa vijana

Ndugu zangu, kina baba na kina mama,

Salamu kwanza. Mkutano wetu wa nyumba kumi Jumapili ulikwenda saa mbili nzima, na karibu zote tulizimaliza kwa "hawa vijana". Hakuna hata kijana mmoja aliyeitwa.

Nilisikia mengi: bangi, kukaa ngazini, kutosalimia watu. Ya bangi siyapuuzi, ipo. Lakini pale ngazini walikuwa wavulana wanne wakitazama mpira kwenye simu moja yenye kioo kilichopasuka. Msimamizi wa ploti akamwaga maji ya sabuni wasipate pa kukaa. Wakahamia ukingo wa mtaro, na huko askari wa doria wakawadai vitambulisho. Mvulana wa miaka 15 atoe wapi kitambulisho, na hupewi mpaka ufikishe 18? Kosa lake ni urefu. Dada yake naye akitumwa dukani jioni, majirani huwa wameshakata kesi kabla hajarudi na unga.

Halafu uvivu. Mtoto akibalehe, saa ya mwili wake husogea, usingizi ukachelewa kuja. Wataalamu wanasema wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Sasa hesabuni. Basi la shule linapiga honi kabla ya mapambazuko, watoto wa upande wa barabara ya Outering wakiwa wa kwanza kuchukuliwa. Usiku amesubiri mmalize taarifa ya habari na mazungumzo ya baada yake, kwa sababu sebule mnayokalia ndiyo chumba chake. Jumamosi akiamka saa nne, mvivu. Mimi nikisinzia mchana, mzee anapumzika.

Hofu hii si ya Nairobi peke yake. Mwaka 1904 mwanasaikolojia wa Marekani, G. Stanley Hall, aliueleza ujana kama wakati wa dhoruba, na mpaka leo watu wazima wengi hukaa wakiingojea hiyo dhoruba. Unayemngojea akosee, kila afanyalo ni ushahidi. Naye akijua ameshahukumiwa, ataona haja gani ya kukusalimia?

Tunawataka wawe watu wazima wakati wa kubeba mitungi ya maji na kulea wadogo zao, kisha wawe watoto ikifika zamu ya kusema. Sheria ya Watoto ya 2022 inataka mtoto apewe nafasi ya kutoa maoni katika mambo yanayomhusu. Ngazi zinawahusu.

Kwa hiyo mkutano ujao waiteni. Watatu wanatosha, wasichana wasikosekane. Waanze wao, maana sisi wazee tukianza hatumalizi. Ajenda iwe moja: wakae wapi jioni. Nimeongea na wa kanisani, ukumbi tutapewa bure saa kumi hadi kumi na mbili. Viti kila mtu aje na chake.

Mzee wenu wa nyumba kumi