Usitie sahihi bado

Papa Amani, ndugu yangu,

Salamu nyingi kutoka hapa Nairobi. Sisi wazima. Mama Neema anakusalimu, watoto wanakua, na poleni na joto la huko kambini Kakuma. Mengine tutaongea siku nyingine, leo nina jambo moja.

Mama Esther kaniambia unajiandaa kwenda kuandikisha kwamba unaacha hadhi ya ukimbizi, ili upate kazi ya kuchomelea huku mjini, kwa kuwa Kongo sasa imo kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ni kweli? Usingizi umenipaa tangu nisikie.

Waliokueleza hawakukudanganya, ila wameishia katikati. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika 2022, inamruhusu kweli mkimbizi anayetoka nchi mwanachama kuacha hadhi yake kwa hiari, apate haki za Jumuiya. Na Kongo iliingia 2022 hiyohiyo. Lakini sheria hiyo pia inampa mkimbizi, akiwa bado mkimbizi, haki ya kuajiriwa, kufanya biashara, au kufanya kazi ya taaluma yake ikiwa vyeti vyake vinatambuliwa Kenya. Kuna kibali cha kazi cha klasi M, cha wakimbizi, na hakina ada. Kwa nini basi uuze ngao yako kwa kitu ambacho tayari ni haki yako?

Tena mwana Jumuiya naye haingii kazini hivihivi. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza 2010, inamtaka aombe kibali cha kazi, na awe na hati za nchi yake. Hizo hati utazitoa wapi, Papa? Utapanga foleni ubalozini, uandike jina lako, la baba yako na kijiji ulichotoka? Baada ya yale ya kaka yako? Kinachozuia usirudishwe kule ni hiyo hadhi unayotaka kuiacha.

Najua umechoka na insentivu, hiyo posho ya wakimbizi wanaofanyia kazi mashirika. Unafanya kazi ileile ya mwenyeji, mwisho wa mwezi yeye anapokea mshahara, wewe unapewa kifuta jasho. Inauma, na huna kosa kutaka kutoka. Fundi kama wewe! Naona bado ulivyokuwa ukiinua kinyago cha kuchomelea, ukasubiri chuma kipoe, ukapitisha kidole gumba juu ya mshono. Ukigusa kitundu kidogo tu, unausaga wote na kuanza upya, hata kama mwenye geti anasubiri mlangoni.

Sasa ustadi huo mwenye karakana hauoni kwenye cheti cha kozi fupi ya shirika. Na hizo kozi zinanitia hasira. Vijana wanafundishwa kushona darasa zima, wanapigwa picha na vyeti vyao, halafu hakuna anayerudi kuuliza nani kapata kazi, wala nani ana cherehani. Wewe omba mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya Kenya ya mafunzo ya viwandani. Unapewa chuma, unachomelea, mtahini anaangalia kwa macho yake. Unaanza na Grade III, ukipenda unapanda hadi Grade I. Cheti hicho waajiri wa Kenya wanakijua. Nimeshaongea na fundi mmoja hapa anayehitaji mtu, na yuko tayari kukuandikia barua. Ukiwa nayo, pamoja na barua ya Idara ya Huduma za Wakimbizi, tunaomba klasi M.

Kibali huchelewa, sikufichi. Changu kilichelewa hadi tajiri wangu akaanza kutaja jina la mtu mwingine, na mke wangu akawa hali chakula vizuri kwa mawazo. Lakini kilipotoka, nilikwenda kazini nikiwa bado nimelindwa. Hilo ndilo nakutakia.

Basi niambie: umeshajaza karatasi yoyote, au ni maneno tu? Aliyekupa hiyo fikra ni nani, ni yule Jérémie? Mama Amani anasemaje, na jina lake na la watoto si yamo kwenye faili moja na lako? Umemwona mwanasheria yeyote wa msaada wa bure hapo kambini? Cheti chako cha Uvira, kule Kongo, bado unacho, au kiliungua na vingine? Na pasi ya kutoka kambini, ukiomba kuja kufanya mtihani, watakupa kwa sababu hiyo?

Usitie sahihi popote kabla hatujaongea. Jumapili baada ya ibada nibipu tu, nitakupigia mimi.

Ndugu yako,
Papa Neema