Minara ya San Gimignano yahitaji zaidi ya saa mbili

Mhariri,

Naomba nafasi niwashauri wasomaji wanaopanga kuzuru Italia wasiridhike na kukaa saa mbili tu San Gimignano, mji wa kilimani huko Toscana ulioingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1990. Minara yake ya mawe, ambayo husimuliwa kuwa ilifika 72 na sasa imebaki takriban 14, ilijengwa na familia tajiri zilizoshindana kwa urefu (majivuno hayakuanza leo), katika zama ambazo mji ulineemeka kwa biashara ya zafarani na kwa mahujaji waliopita humo wakielekea Roma. Tauni ya mwaka 1348 iliangamiza wakazi wengi, na miaka michache baadaye mji ukawa chini ya utawala wa mji wa Firenze. Kwa maoni yangu, ufukara uliofuata ndio ulioinusuru minara, kwani fedha za kujenga upya hazikuwapo. Anayelala humo huuona uwanja wa Piazza della Cisterna, wenye kisima cha kale, ukitulia baada ya mabasi ya watalii kuondoka. Ngazi za Torre Grossa, mnara wa mita 54, ni vyema zipandwe asubuhi.

Msomaji wenu