Pimeni mifumo kwa hali ya usiku wa mwisho

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nizungumze na wakuu wa taasisi zinazopokea maombi kwa mtandao, yawe ya vyuo, mikopo, ajira au leseni. Siku ya mwisho ikifika mfumo unagoma, kesho yake linatoka tangazo la kuongeza muda, na lawama wanabebeshwa waombaji, eti wamezoea kusubiri dakika za mwisho. Mimi ni mpimaji wa mifumo, huu ni mwaka wangu wa tisa kwenye kazi hii, na mmoja wa mifumo hiyo niliuidhinisha kwa mkono wangu. Niliandika kwenye ripoti kwamba umefaulu. Usiku wa mwisho ulianguka saa tatu na dakika kumi, ukarudi alfajiri.

Usiku ule mpwa wangu alikuwa Kahama, kwenye steshenari wanakosaidia watu kujaza fomu. Alinipigia: “Shikamoo mjomba, mfumo wenu unazunguka tu.” Pembeni nilimsikia mwenye duka akimwambia abonyeze tena “Tuma”. Mwenye duka huyo alikuwa amefungua madirisha manne ya fomu hiyohiyo kwenye kompyuta moja, anabonyeza huku na kule, akiamini mojawapo itapita. Kwenye benchi la nje kulikuwa na binti aliyetoka kijijini kwa bodaboda. Saa sita alirudisha vyeti vyake kwenye bahasha ya kaki akaondoka, kwa kuwa duka linafungwa. Mpwa wangu alituma kesho yake. Yeye anakaa mjini.

Tulipimaje sisi? Tulikaa ofisini na kompyuta tatu zilizochomekwa kwa waya kwenye seva iliyokuwa chumba cha pili. Tulitumia JMeter, programu ya bure inayojifanya watu wengi kwa wakati mmoja, tukatengeneza “watu” 500. Wote waliingia kwa akaunti moja ya majaribio na kufungua fomu ileile, ambayo seva ilishaikariri tangu mara ya kwanza, haikuhitaji tena kwenda kuitafuta kwenye kanzidata, yaani ghala la rekodi zote za mfumo. Kanzidata yenyewe ilikuwa na rekodi 300 tulizojaza wenyewe mchana mmoja; ile ya kazi ilibeba waombaji wa miaka sita. Cheti tulichopakia kilikuwa kipicha chepesi cha kilobaiti 20, wakati mwombaji anapiga picha cheti chake kwa simu, megabaiti 4, anaituma kwa bando linalosuasua. Nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu Mei 12, 2024, wengi tulionja ukurasa mmoja kufunguka kwa dakika nzima. Kwa waombaji wengi wa mikoani, hali inayokaribia hiyo ni ya kila siku.

Halafu malipo. Mfumo wa malipo ulikuwa wa taasisi nyingine na hatukuruhusiwa kuugusa, kwa hiyo tukaweka wa bandia unaojibu “amelipa” papo hapo. Hapo ndipo tulipoangukia. Mwaka 1961 Mmarekani John Little alithibitisha kanuni ya foleni: idadi ya walio ndani ya mfumo ni wanaoingia kwa sekunde, mara sekunde anazokaa kila mmoja. Yakiingia maombi 100 kwa sekunde na kila moja likakaa sekunde 0.2, ndani kuna maombi 20. Usiku ule mfumo wa malipo nao ulielemewa, ukawa unajibu baada ya sekunde 6. Mlangoni wanaingia walewale 100, lakini ndani panatakiwa nafasi 600, nasi tulikuwa tumefungua 150. Wanaobaki nje wanabonyeza tena, kama yule mwenye duka, na 100 wanakuwa 300. “Watu” wetu wa ofisini hawakubonyeza mara mbili hata siku moja.

Tulilipima basi tupu kwenye uwanja wa gereji, tukalikabidhi kwa dereva anayepanda mlima Kitonga na abiria hadi mlangoni.

Marekani nao yaliwakuta. Oktoba 1, 2013 walifungua HealthCare.gov, tovuti ya kununulia bima ya afya, na siku hiyo ni watu 6 tu waliofanikiwa kujiandikisha hadi mwisho. Siku chache kabla, jaribio la watumiaji mia chache kwa mpigo lilikuwa limeiangusha. Wenzetu kipimo kiliwaambia ukweli, wakafungua hivyohivyo. Kipimo chetu kisingeweza kutuambia ukweli hata tungekirudia mara mia.

Niliomba seva za kukodi kwa siku tatu, zenye nguvu sawa na za kazi. Nikajibiwa hakuna fungu. Niliomba pia kumbukumbu za seva za mwaka uliotangulia, ambazo zingetuonyesha saa watu wanayomiminika na ukurasa wanaokwama. Nilizipata baada ya mfumo kuanguka. Wapo wanaosema basi tunakili kanzidata halisi tupimie. Hapana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika tangu Mei 2023, na namba za simu za wazazi wa watu si vitu vya kuachwa kwenye seva ya majaribio. Majina ya kubuni yanatengenezwa kwa programu, hata milioni moja, kwa usiku mmoja. Mfumo wa bandia wa malipo nao unafundishwa kuchelewa sekunde 6, na mara nyingine kunyamaza kabisa. Wiki mbili zinatosha kwa kazi hii ikiwa imepangwa tangu mwanzo.

Kwa hiyo ombi langu liko kwenye nyaraka za zabuni. Iandikwe humo kwamba mzabuni halipwi awamu ya mwisho mpaka mfumo upimwe ukiwa na kanzidata iliyojaa, simu zenye mtandao dhaifu, malipo yanayochelewa na watu wanaobonyeza mara nne. Na kwamba mpimaji hatoki kwenye kampuni iliyoujenga. Fungu lake liwekwe kwenye bajeti ileile inayonunua mfumo, kabla dirisha lingine la maombi halijafunguliwa.

Mpimaji wa mifumo,
Tabata, Dar es Salaam