Kila kitu kimekuwa "changamoto", na mwenye jambo haonekani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nieleze kero ambayo nimeivumilia kwa miaka mingi, nayo ni misemo iliyochakaa inayojaza vikao vyetu, vipindi vya redio na, kwa masikitiko yangu, hata kurasa za magazeti yetu. Mingi ya misemo hiyo ni ya Kiingereza cha ofisini, ambacho wenye lugha yao wamekwisha kukichoka, nasi tumeipokea nzima nzima, tukabadilisha maneno na kuuacha ubovu wake palepale. Mimi si mwanaisimu. Ni katibu wa kamati ya maji ya kijiji katika Mkoa wa Morogoro, na kwa kuwa kazi yangu ni kuandika muhtasari wa kila kikao, nalazimika kusikiliza kila kinachosemwa na kujiuliza kinataka nani afanye nini.

Daftari langu la mihtasari nimelipigia safu nne: hoja, azimio, mhusika na tarehe ya utekelezaji. Kiangazi kimoja pampu ya kisima chetu ilipokufa, tulimwalika afisa mmoja aje atueleze, naye alisimama akasema kwamba kiukweli changamoto ya maji wanaifahamu, kwamba suala zima la huduma kwa mwananchi ni kipaumbele chao, na kwamba wao kama wadau wanakwenda kujipanga ili mwisho wa siku kila mmoja apate maji. Watu walipiga makofi. Mimi nilibaki na kalamu mkononi, kwa sababu safu ya hoja ilikuwa imejaa, lakini katika safu ya mhusika na ya tarehe sikuwa na la kuandika. Ndipo bibi mmoja, aliyekuwa ameketi mkekani na ndoo yake tupu pembeni, alipoomba ruhusa kwa mwenyekiti akauliza: "Samahani baba, hiyo pampu imeharibika nini, iko kwa nani, na fedha tunazotoa kwa kila ndoo anazo nani?" Maswali hayo yalitoa kile ambacho hotuba nzima haikukitoa. Mota ilikuwa imeungua. Ilikuwa kwa fundi mjini. Fundi alikuwa hajalipwa, kwa sababu mmoja wa watia saini wa akaunti yetu ya benki alikuwa amehamia wilaya nyingine na hakuna aliyepeleka jina la mtu wa kushika nafasi yake. Kabla kikao hakijafungwa nilikuwa nimejaza safu zote nne.

Kati ya maneno yote niliyoyasikia siku ile, lililonielemea zaidi ni "changamoto". Lenyewe si neno baya, kwa maana linafaa kabisa kwa jambo linalomwamsha mtu na kumpa ari ya kupima nguvu zake. Lakini leo limemeza maneno mengine yote. Dawa zikikosekana zahanati, hiyo ni changamoto. Watoto wakisoma wameketi sakafuni, ni changamoto. Fedha za chama cha ushirika zikiibwa, ni changamoto ya kifedha. Mtu akiugua ana changamoto ya kiafya, na ndoa ikivunjika tunaambiwa kulikuwa na changamoto za hapa na pale. Kiswahili kina shida, tatizo, kasoro, upungufu, hitilafu, uzembe, wizi, dhuluma, ugonjwa na msiba, na mengi kati ya hayo yana mtu wake: uzembe una mzembe, wizi una mwizi, dhuluma ina dhalimu, na hata hitilafu ina fundi wa kuitafuta. Changamoto haina mtu. Hujitokeza yenyewe, hukaa muda inaoutaka, na kiongozi anayeitaja hadharani husifiwa kwa kuitambua, kana kwamba kutambua ndiyo kazi tuliyompa. Wazee wetu walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nami naona neno hili limekuwa mahali pazuri pa kufichia maradhi.

Msemo wa pili ni "mwisho wa siku". Kwa Waswahili wa pwani siku huisha jua linapozama, na ndiyo maana usiku wa kuamkia Ijumaa wazee huuita usiku wa Ijumaa. Basi mtu akikuahidi jambo mwisho wa siku, una haki ya kumgongea mlango magharibi. Anayeutumia leo hana nia hiyo. Ameutoa katika msemo wa Kiingereza "at the end of the day", ambao ulianza kwa maana ya "hatimaye" na sasa, mara nyingi, hauna maana yoyote zaidi ya kumpa msemaji muda wa kuvuta pumzi. Uingereza kuna shirika linaloitwa Plain English Campaign, lililoanzishwa mwaka 1979 na mwanamke aitwaye Chrissie Maher, ambaye mwaka huo alichanachana mamia ya nyaraka za serikali hadharani, katika uwanja wa Parliament Square jijini London, kupinga lugha ambayo wananchi wa kawaida hawawezi kuielewa. Mwaka 2004 shirika hilo liliwauliza wafuasi wake katika nchi nyingi ni msemo upi unaowaudhi kuliko yote, na huo ndio ulioongoza. Nchini Marekani, chuo kikuu cha Lake Superior State, kilichoko katika jimbo la Michigan, kimekuwa kikitoa tangu mwaka 1976 orodha ya kila mwaka ya maneno yanayostahili kupigwa marufuku. Msemo huo uliingizwa katika orodha ya mwaka 1999, na ikabidi urudishwe katika orodha ya mwaka 2022 kwa kuwa watu hawakuwa wameuacha. Tumeokota nguo ambayo mwenyewe ameivua akaitupa, na hali sisi tuna hatimaye, mwishowe na baadaye.

Hata hivyo "mwisho wa siku" huudhi masikio tu. Linalonitia wasiwasi wa kweli ni "tunakwenda". Tunakwenda kujenga, tunakwenda kuboresha, bajeti hii inakwenda kumaliza kero ya maji, mkataba huu unakwenda kuleta ajira. Hii ni njia ya Kiingereza ya kusema jambo litakalotokea, ilhali sisi tuna kiambishi kifupi cha -ta- ambacho hakijawahi kutupungukia. Ukiwa mwandishi wa mihtasari utaona kwamba tofauti yake si ya sarufi pekee. Kiongozi akisema "tutajenga", mtu wa kwanza kunyoosha mkono atauliza "lini?", na jibu lake naliandika. Akisema "tunakwenda kujenga", msikilizaji hupata hisia kwamba safari imekwisha kuanza, kwamba kuuliza tarehe ni kukosa subira, na mkono haunyooshwi. Kitenzi cha kwenda kina heshima yake: mama anayesema anakwenda kuteka maji amekwisha kujitwika ndoo.

Kuna jingine ambalo limewahi kutugombanisha. Katika rasimu ya kanuni za kamati yetu mtu aliandika kwamba mwenye deni "atalipa faini aidha atakatiwa huduma". Wale waliojifunza Kiswahili kwa wazazi na waalimu wa zamani walisoma adhabu mbili, faini na kukatiwa, kwa sababu aidha maana yake ni vilevile, tena, zaidi ya hayo. Vijana walisoma adhabu moja kati ya mbili, kwa kuwa wao wamelizoea neno hilo likitumiwa mahali pa "ama", bila shaka kwa sababu sauti yake inafanana na neno la Kiingereza lenye maana hiyo. Tulitumia sehemu kubwa ya kikao kubishana juu ya neno moja, na kila upande ulikuwa na hoja. Ikiwa kanuni ya bomba la kijiji inaweza kusomwa kwa namna mbili zinazopingana, basi naogopa kufikiria mikataba ya ardhi na hati za mikopo.

Mengine nitayapita. "Kiukweli" hainisumbui sana, ingawa "kwa kweli" ilitutosha. "Kimsingi" na "kwa namna moja au nyingine" hujaza nafasi na kupita. Wala sina ugomvi na mchezaji wa mpira anayetoka uwanjani akihema na kusema kwamba mchezo ulikuwa mgumu, wenzao wametumia nafasi waliyoipata, na mwalimu ameyaona makosa na atayafanyia kazi. Huyo ameulizwa "unauzungumziaje mchezo wa leo?", na swali legevu huzaa jibu legevu. Mtangazaji angemuuliza kwa nini beki wa kushoto aliachwa peke yake kwenye ile kona, tungepata maelezo.

Najua nitajibiwa kwamba lugha hai huazima, na kwamba bila kuazima tusingekuwa na shule, meza, kitabu wala baiskeli. Nakubali bila kinyongo. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1967, pamoja na vyuo vyetu, limefanya kazi kubwa ya kututafutia istilahi, na neno lililoazimwa ili kutaja kitu ambacho hatukuwa nacho ni faida kwetu sote. Ninachokilalamikia ni kuazima ukungu. Misemo hii haikuletwa na wasomi wa lugha. Imeingia kwa njia ya warsha na semina, ambako maandiko ya miradi huandikwa kwanza kwa Kiingereza ili mfadhili ayasome, kisha mtu anayafasiri usiku mmoja kabla ya ufunguzi. Imeingia kwa waandishi wa habari wanaokimbizana na muda wa kufunga kurasa huku taarifa iliyo mbele yao imeandikwa kwa lugha nyingine. Na imeingia kwa sababu mtu akisema hivyo huonekana ametoka makao makuu. Siku hizi hata wajumbe wa kamati yangu, watu wanaojua jina la kila mfereji na kila shina la mti kijijini, wakikaribishwa kusema mbele ya wageni huacha Kiswahili chao kizuri na kuanza na "wadau" na "mchakato".

Haikuwa hivi siku zote, na si kweli kwamba mambo makubwa ya nchi yanahitaji maneno makubwa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 linasema kwamba tumeonewa, tumenyonywa na tumepuuzwa kiasi cha kutosha, na kwamba unyonge wetu ndio uliotufanya tuonewe. Mtu anaweza kuikubali au kuikataa siasa ya Azimio lile, lakini hawezi kusema hakuelewa linalosemwa, kwa sababu kila kitenzi kinataja tendo lenyewe. Mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera, Mwalimu Nyerere aliliambia taifa kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Alisema kumpiga. Mkulima aliyekuwa akisikiliza redio ya betri chini ya mwembe alijua nani atapigwa, na nani atampiga, na kwa nini. Hotuba ile bado inakumbukwa na watu ambao hawakuwa wamezaliwa ilipotolewa, na sidhani kama kuna mtu atakayeikumbuka hata hotuba moja iliyojengwa kwa kujipanga na kuhakikisha.

Ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni la kazi yako mwenyewe. Gazeti linaingia katika vijiji ambavyo baraza la lugha halifiki, na watu huiga wanachokisoma. Habari inapokuja mezani kwako ikisema kwamba wilaya fulani inakabiliwa na changamoto ya madawati, naomba isipite mpaka mwandishi aseme ni madawati mangapi yamepungua, katika shule zipi, na ni ofisi gani ilipaswa kuyanunua. Kiongozi akinukuliwa kwamba wanakwenda kujenga zahanati, mwandishi amuulize ni lini na kwa fedha kutoka fungu gani, na jibu lichapishwe katika aya hiyohiyo. Kiongozi akikataa kujibu, gazeti liandike wazi kwamba aliulizwa na hakujibu, ili sisi wa vijijini tujue tukamuulize nani atakapokuja kwenye mkutano wa hadhara.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Katibu wa kamati ya maji ya kijiji,
Morogoro