Toa huo mto chini ya goti

Mami,

Brayo amerudi na hotpoti yangu na picha kwa simu, na hiyo picha ndio imenifanya niandike badala ya kupiga, juu nikipiga saa hii utaniambia uko kwa mitingi. Nimeona meza mpya, nimeona skrini mbili, hongera. Nimeona pia mto mnene umewekwa chini ya goti la ule mguu uliofungwa vyuma vya kurefusha mfupa, na wayo umeanguka mbele. Toa huo mto.

Najua ukinyoosha unauma. Najua pia ndio umekaa hivyo ili kompyuta ikae mapajani na sura yako itokee vizuri kwa kamera. Lakini fizio, yule wa mazoezi ya viungo, alieleza mimi nikiwa hapo nimeshika mkoba wako, wewe ulikuwa unajibu emaili. Mfupa wa ugoko ndio unaongezwa, unazungusha nati za vyuma robo milimita mara nne kwa siku, milimita moja basi, lakini msuli wa kigimbi hakuna aliyeuuliza kama uko tayari. Umeshika juu ya goti na umeshika kisigino, mfupa ukirefuka wenyewe unavutwa huku na huku, na dawa yake ya kupunguza huo uchungu ni kukunja goti na kuangusha wayo. Sasa wewe unausaidia na mto! Miezi ikiisha mfupa utakuwa umeshikana vizuri kabisa na goti limekataa kunyooka, halafu turudi tena theta ya operesheni kunyoosha kitu ulichokunja mwenyewe ukiwa umekaa. Mto uende chini ya kisigino, goti libaki hewani lijinyooshe na uzito wake. Ile leso ya maua pitisha chini ya vidole uvute kuja kwako, hesabu polepole, achilia, rudia. Hiyo unaweza kufanya ukiwa kwa simu na mteja na asijue.

Kazi sijakataa. Nani atakataa kazi iliyomaliza fizi ya shule ya Brayo? Kwa chama nimesema mpaka wamechoka, ati mtoto wangu anaongea na watu wa New York kutoka kitandani na wanamsikiza. Lakini hizo saa zenu. Wao wanaingia saa tatu asubuhi wewe hapa ni saa kumi jioni, wanatoka wewe ni saa sita usiku, na wakibadilisha saa zao Novemba itakuwa saa saba. Sasa zile nati za usiku unazungusha saa ngapi? Ukikuwa hapa nilikuwa nakuamsha. Weka kengele kwa simu, na ukisahau usifidie kwa kuzungusha mbili pamoja, ukienda mbio mfupa mpya haupati nafasi ya kujijenga na mishipa ya fahamu inavutika, ukichelewa sana nao unajifunga kabla urefu haujafika. Sentimita nne ni karibu siku 40 za kuzungusha, na baada ya hapo vyuma vinakaa bado miezi, mpaka eksirei iseme mfupa umekomaa. Hakuna mtu anakukimbiza. Kama ni huyo bosi, mwambie.

Na hapo ndio sielewi. Umefanya kazi na hao watu muda wote huo na hawajui una vyuma kwa mguu? Brayo anasema wanakuona kutoka shingoni kwenda juu na wewe umefurahia. Mami, mwombe dakika kumi kila saa moja, unyooshe, utembee na magongo mpaka jikoni na urudi, daktari mwenyewe alisema mguu huu ukanyage kidogo kidogo ndio mfupa ukomae. Sijui nani alikufundisha kuficha mguu. Zile sketi ndefu za Gikomba mimi ndio nilikuwa nanunua, sawa, lakini zilikuwa bei nzuri na vitambaa vilikuwa vizito.

Ukikaa masaa nane hujasimama damu nayo inaganda. Kigimbi kikivimba ghafla na kuwa cha moto, ama pumzi ikate, usinitumie meseji, panda teksi uende hospitali kwanza halafu uniambie ukiwa huko.

Nilikuwa nasoma usiku juu ya huyu daktari aliyeanzisha haya maringi ya vyuma ya mguu wako, Gavriil Ilizarov, alianzia Siberia huko Kurgan miaka ya 50, watu wakidharau vyuma vyake. Akaja kumtibu Valeriy Brumel, yule Mrusi aliyechukua dhahabu ya kuruka juu Tokyo 1964. Mwaka uliofuata akaumizwa na pikipiki, akafanyiwa operesheni juu ya operesheni, mguu ukabaki mfupi, mpaka Ilizarov akamfunga ringi kama zako, na akaruka tena. Kumbe hata yeye ni pikipiki. Nilifunga simu nikakaa tu. Ya nduthi yetu sitayasema, unayajua.

Tena hukuniambia ukweli juu ya kurudi Roysambu. Ulisema huku Umoja stima inapotea na wifi ya jirani haifiki chumbani, haya, lakini ghorofa ya nne bila lifti? Ngazi ukipanda mguu mzima utangulie, ukishuka wenye vyuma ndio utangulie pamoja na magongo, usichanganye. Kama ni kelele za nyumba hii zilikushinda ungesema tu, mimi nisingekasirika sana. Na huyo rafiki yako wa shisha awe anakuja kukusalimia mkiwa kwa mlango, moshi unachelewesha mfupa, hilo daktari aliliweka wazi na akakuangalia wewe.

Vidonda pale pini za vyuma zinaingia kwa ngozi safisha na yale maji ya chumvi ya famasi, usiweke kingine chochote hata shosho akikutumia. Pakianza kuwa pekundu na kutoa usaha nenda siku hiyo hiyo, usingoje ofu.

Nimekutumia omena nimekaanga kavu, na maziwa ya bibi wa Githurai, yachemshe leo leo. Jua la asubuhi pale juu mnapoanika nguo lingekufaa, lakini hizo ngazi tena, basi kaa dirishani. Mguu ukiwa umenyooka juu ya stuli.

Huku maji ya kanjo yalikuja Jumatano tu, nimejaza mitungi yote na beseni ya nguo, Brayo akaoga nusu beseni nzima kama mtu wa hoteli. Kuku mwekundu ameanza kutaga. Mzee wa ploti amepandisha kodi na hajapaka hata rangi ile alisema atapaka, nimemwambia nitalipa rangi ikishaonekana. Tokeni zimebaki kidogo, ukipata nafasi nitumie za mia tano, ile namba ya mita ni ile ya zamani.

Jumapili baada ya kanisa nakuja na matatu ya kwanza nitakayopata, usinipikie. Sufuria kubwa ya chama najua iko kwako, usikatae, ioshe. Na nikifungua mlango nisipate huo mto mahali pake pa zamani, ama nitauchukua nirudi nao Umoja.

Mama yako