Uvimbe uko kichwani, mgongo unapimwa wa nini? Barua kwa mdogo wangu

Mdogo wangu mpendwa,

Umeniuliza kwa nini madaktari wanataka mwanetu apigwe picha ya MRI ya mgongo mzima ilhali uvimbe umeonekana kisogoni. Nakujibu hadharani kwa sababu wazazi wengi hulipokea agizo hilo kwa hofu kama yako, wakidhani kuna habari mbaya wanayofichwa.

Ubongo na uti wa mgongo vimefunikwa kwa utando mmoja na kuzungukwa na maji yale yale. Mtu mzima huwa na takribani mililita 150 za maji hayo, lakini mwili hutengeneza karibu mililita 500 kwa siku, kwa hiyo hubadilishwa mara kadhaa kabla ya siku kwisha. Huzalishwa katika vyumba vilivyo ndani ya ubongo, hupita katika chumba cha nne kilicho mbele ya ubongo mdogo (sehemu ya ubongo iliyo kisogoni), kisha huuzunguka ubongo na kushuka hadi chini kabisa mgongoni, na hatimaye hufyonzwa na kurudi kwenye damu. Medulablastoma, ugonjwa alio nao mwanetu, huota kwenye ubongo mdogo, mara nyingi ikijitokeza ndani ya chumba hicho. Seli zinazobanduka huchukuliwa na maji, na baadhi hutua kwenye utando wa uti wa mgongo zikaanza kukua huko. Katika takribani theluthi moja ya watoto wenye ugonjwa huu, seli zimekwisha kusambaa siku unapogunduliwa.

Kwa hiyo mgongo hupigwa picha kabla ya upasuaji ikiwezekana, kwani damu inayoshuka baada ya upasuaji inaweza kudhaniwa kuwa uvimbe. Maji ya mgongo nayo huchukuliwa kiunoni, kwa kawaida wiki mbili hivi baadaye. Mapema zaidi, seli zilizomwagika wakati wa upasuaji zinaweza kupotosha majibu, na kuchoma sindano wakati shinikizo la kichwani bado liko juu ni hatari. Usishangae wakitaka vipimo vyote viwili, maana picha inaweza kuwa safi na maji yakakutwa na seli.

Si kila uvimbe wa ubongo husafiri hivyo. Glioblastoma, inayowapata zaidi watu wazima, hupenya ikifuata nyuzi za neva na mishipa ya damu, hata kuvuka kwenda nusu ya pili ya ubongo. Ni kama ndago, unang'oa jani huku vitunguu vyake vimebaki udongoni. Katika miaka ya 1920 daktari Walter Dandy aliwaondolea wagonjwa nusu nzima ya ubongo, na bado ugonjwa ulirudi.

Ulihofia pia mapafu na ini. Uvimbe ulioanzia kwenye ubongo hutoka nje ya mfumo mkuu wa neva kwa nadra sana, na naomba hilo likupunguzie mzigo.

Majibu ya mgongo ndiyo yatakayosaidia kuamua kiasi cha mionzi na ukali wa dawa, na umri wa mtoto pia utazingatiwa, kwa kuwa kwa walio chini ya miaka 3 madaktari hujitahidi kuepuka au kuchelewesha mionzi ya ubongo na mgongo mzima. Omba uelezwe majibu ya picha na ya maji, kila moja peke yake, kabla ya kutia saini. Akilalamika mgongo, miguu ikilegea au akishindwa kukojoa, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Ni mimi, dada yako.